Karo la Mama Bluu

Fundi Rangi alikuwa hodari wa kuficha, na hiyo ndiyo kazi aliyolipwa kuifanya. Ukuta ulioungua moshi, ukuta uliochorwa na watoto, ukuta uliopasuka kama kisigino cha kiangazi, zote alizipiga msasa na kuzipaka mpaka mwenye nyumba akaingia kwake kama mgeni. Ukuta mmoja tu ulimshinda, nao ulikuwa wa sebuleni kwake mwenyewe.

Ukuta huo ulimtenganisha na jirani yake, dobi aliyeitwa Mama Bluu kwa sababu vidole vyake havikuisha rangi ya ile bluu ya kufulia mashuka. Chini, karibu na sakafu, palikuwa na doa la unyevu. Fundi alilipaka, rangi ikavimba, ikabanduka, na doa likarudi limenenepa. Upande wa pili wa ukuta, palepale, lilikuwapo karo la saruji ambamo Mama Bluu alimwaga maji kutwa. Sasa wewe ungemshuku nani?

Na Mama Bluu mwenyewe hakuwa mtu wa kutetewa kirahisi. Alianika mashuka mpaka njiani, watu wakapita wameinama kama wanaingia banda la kuku. Mpira wa watoto ukiangukia uani kwake, buriani. Fundi alipomlalamikia maji mara ya kwanza, alijibiwa bila hata kutazamwa, "Kapake rangi, Fundi. Si ndiyo kazi yako?" Kabla ya siku hiyo Mama Bluu alikuwa akimwita shemeji, maana mke wa Fundi na Mama Bluu walikuwa chanda na pete. Ugomvi ulipokolea, Fundi alimkataza mkewe kukanyaga kule. Mke alitii, lakini furaha yake ya asubuhi ilipungua, na Fundi aliona na akanyamaza.

Miaka ikapita hivyo. Kisha binti yao akajifungua pacha, akawaomba wazee wahamie karibu naye. Nyumba ikatangazwa kuuzwa. Wanunuzi walikuja, wakasifu madirisha, wakasifu jiko, wakafika ukutani, wakanusa, wakaaga. Wa mwisho alikuwa nesi mmoja mwenye maneno machache. Aliinama, akagusa doa kwa kiganja kama anapima homa, akasema, "Nyumba nimeipenda. Lakini haya maji yakomeshwe kwanza."

Fundi akaitisha kikao cha wakazi. Viti vikapangwa mbele ya kibanda cha fundi viatu, wazee wa mtaa wakakaa, na Fundi akapewa nafasi ya kusema. Akaitumia yote. Alisema kuna watu hawana haya, wanaishi kwa kubomoa kwa wenzao. "Kikulacho ki nguoni mwako!" akamalizia, na mtaa mzima ukacheka, maana yule mama alishawaudhi wengi. Hata wateja wake walicheka.

Mama Bluu akasimama. Wote walitegemea moto.

"Karo lile alilijenga marehemu mume wangu," alisema. "Maji yangu yana mfereji wake, yanatoka mpaka barabarani, kila mtu anauona. Lakini kama wajukuu wanangoja bibi yao, na mimi ndiye nimewazibia njia, basi."

Kesho yake asubuhi mtaa ulisikia nyundo. Alilivunja mwenyewe, hakumwita mtu.

Nesi akakubali kununua. Fundi akatembea kifua mbele. Ukuta ulikuwa bado na unyevu, lakini alimweleza mkewe kitaalamu kabisa kwamba hayo ni maji ya zamani yanajitoa. Upande wa pili, Mama Bluu sasa alifulia kwenye mabeseni, amechuchumaa chini, na kila akiinuka alishika kiuno. Nyumba ya wageni iliyokuwa ikimpa mashuka yake ikapeleka kwa mwingine, kwa sababu mabeseni hayakuwahi. Fundi aliyaona hayo akipita. Alisema moyoni, kila mtu na mzigo wake.

Wapaka rangi wana desturi moja: brashi husafishwa palepale penye kazi, rangi ya watu haiji nyumbani. Fundi hakuwahi kuivunja tangu alipofunzwa. Lakini wiki ile alikuwa akipaka madarasa ya shule rangi ya kijani, na bomba la shule likakauka. Brashi zingeganda. Akazifunga kwenye mfuko, akazileta nyumbani, akaziosha kwenye sinki la jikoni mpaka maji yakawa meupe.

Asubuhi alikaa sebuleni na kikombe cha chai. Akatupa jicho ukutani, kwa mazoea tu. Doa lilikuwa kijani.

Si kijani cha ukungu. Kilikuwa kijani cha madarasa, alichokichanganya kwa mkono wake mwenyewe na ambacho mtaa ule hakuna mwingine aliyekuwa nacho. Kilikuwa kinachuruzika taratibu kutoka kwenye ufa, upande wa jikoni kwake, kikijaa kwenye doa lilelile la miaka yote. Maji yalikuwa yake. Yalikuwa yake tangu mwanzo.

Aibu ilimpanda, masikio yakawaka moto. Alikumbuka kikao. Alikumbuka ile methali na jinsi alivyoitamka, kidole juu. Alikumbuka nyundo. Mkewe akasikika anakuja kutoka chumbani, na kitu cha kwanza alichofanya Fundi, Mungu amsamehe, kilikuwa kusukuma kochi mbele ya ukuta.

Siku hiyo hakwenda kazini. Alifukua chini ya sinki, akakuta bomba la kutolea maji machafu limepasuka, akaweka jipya, akafukia vizuri. "Sitaki kumwuzia mtu nyumba yenye kasoro," alimwambia mkewe, naye mke akamsifu. Ukuta ukakauka kweli, kwa mara ya kwanza. Akaupiga msasa, akaupaka rangi mara mbili, na ukatulia. Nesi hakudhulumiwa kitu. Fundi alijirudia maneno hayo kila alipofumba macho: nesi hakudhulumiwa kitu.

Kumwambia Mama Bluu alikusudia. Alifika mlangoni kwake zaidi ya mara moja, akakohoa, akakumbuka kazi, akarudi. Aliogopa kwamba yule mama na mdomo wake angeuita mtaa mzima, nesi angesikia, angeghairi, na pacha wangekua bila bibi. Basi auze kwanza. Akishauza atasema. Nyani haoni kundule, lakini huyu alikuwa ameliona, akavaa kaptura.

Siku ya kuhama ikafika. Lori lilipakiwa tangu asubuhi, mkewe akapanda mbele karibu na dereva, na Fundi akamkabidhi nesi ufunguo. Nesi akashukuru kwa mikono miwili. Hapo ndipo Fundi alipozunguka nyuma, akapiga hodi uani kwa jirani.

Mama Bluu alikuwa juu ya beseni. Hakuinuka.

"Jirani," Fundi alianza. "Yale maji... yalikuwa yangu. Bomba la jikoni. Nimekukosea."

"Najua."

Akaonyesha kwa kidole chenye bluu. Pale karo lilipovunjwa, palibaki sakafu kavu na kipande cha ukuta ambacho plasta ilikuwa imetoka na nyundo. Ufa ulipita pale pia. Kutoka kwenye ufa ule, mpaka chini sakafuni, mchirizi wa kijani ulikuwa umekaukia, mpana, hauna shaka. Fundi alikuwa amepaka upande wake tu. Miaka yote hiyo ya kuushitaki ukuta ule, hakuwahi kuja kuutazama upande wa pili.

"Mimi nafua nguo za watu," alisema Mama Bluu. "Rangi nazijua. Nikasema, shemeji atakuja. Nikakaa kungoja nione utakuja kabla ya kukabidhi ufunguo au baada."

Fundi alitazama mikono yake. Haikuwa na ufunguo.

"Karo nitalijenga upya," alisema. "Nitarudi na saruji, kesho tu nitarudi, nakuapia."

"Lijenge, sawa." Alikamua shuka, akalitupa juu ya kamba. "Lakini ulinisema mbele ya watu, Fundi. Leo umekuja kuniomba radhi uani, nikiwa peke yangu, na lori linaunguruma."

Alitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Akarudi barabarani, ambako mtaa ulikuwa umekusanyika kuaga. Fundi viatu, mtu wa mizaha, akamshika bega. "Nenda salama, ndugu yangu! Angalau umeokoka na yule Mama Bluu!" Watu wakacheka, kicheko kilekile cha kikaoni.

Fundi alishika mlango wa lori. Mguu mmoja ulikuwa tayari juu. Akaushusha.

"Maji hayakuwa ya Mama Bluu," alisema. Kicheko kilikuwa bado kinaendelea, ikabidi apaze sauti. "Nasema yalikuwa ya kwangu! Bomba langu lilipasuka. Nilimsingizia. Karo amelivunja bure."

Fundi viatu akaondoa mkono begani taratibu. Nesi, aliyekuwa amesimama kizingitini na ufunguo, akautazama ule ufunguo. Lakini Fundi hakuwa akiwatazama wao. Mkewe alikuwa ameteremsha kioo cha dirisha.

"Umejua lini?" aliuliza.

Angeweza kusema leo. Neno lilikuwa jepesi, lilikuwa ulimini.

"Siku nilipobadilisha bomba."

"Siku niliyokusifu."

"Ndiyo."

Mkewe alifungua mlango, akashuka, akajifunga kanga vizuri kiunoni. Akampita mumewe kama anavyopita kiti. Akazunguka nyuma ya nyumba, njia ambayo hakuikanyaga kwa miaka, na watu wote wakasikia akiita, "Dada! Hodi, dada!" Kisha ikasikika sauti ya maji yakimwagwa kwenye beseni na ya wanawake wawili wakikamua shuka zito.

"Mzee," dereva aliuliza, "tunaondoka au hatuondoki?"

Fundi hakujua. Alisimama kando ya lori, mbele ya mtaa wake wote, akasubiri.