Meli Ilipoteremsha Mashuka Yote

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja nilipofungua mlango wa uani pale Temeke, nikatoka na mfuko wangu wa kitambaa bila kumuaga mtu na bila kujua ninakwenda wapi. Jua lilikuwa bado chini na mchanga wa njia ulikuwa na baridi. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo. Kuondoka asubuhi bila mpango ilikuwa desturi yangu. Hivyo ndivyo nilivyoondoka Lindi, nikaondoka Kilwa, nikaondoka hata Kiwalani nilikokaa mvua moja tu. Shule niliiacha darasa la tano, si kwa utundu, ila mwalimu alikuwa anajibu maswali ambayo mie sikuyauliza. Lakini asubuhi hiyo sikuwa na hamu ya kuona kilichoko mbele. Nilikuwa nakimbia. Nataka kukueleza nilichokikimbia, kwa sababu na wewe nakuona una miguu kama yangu.

Nilikuwa nakaa kwa Mzee Selemani, dobi mzaliwa wa Newala, na mkewe Bi Somoe. Temeke ya wakati ule ilikuwa mchanga na mikorosho, nyumba za makuti zimeachana kiasi kwamba upepo ulipita. Uani kwao kamba zilifungwa kutoka mkorosho hadi mkorosho, na siku ya kuanika ungedhani wingu limetua. Hadi leo nikisikia harufu ya sabuni ya mche na pasi ya mkaa, moyo wangu unarudi pale kabla mie mwenyewe sijajua.

Azimio lilikuwa bado jipya. Kila mwenye jembe, sindano au pasi alikuwa anatafuta wenzake wa kuungana nao, na madobi saba wa mtaa wetu nao wakaunda ushirika wao, Mzee Selemani mwenyekiti. Kufua sikujua. Walinichukua kwa sababu najua kusoma na kuandika, wakanifanya katibu. Bi Somoe alikuwa ananiita Ndugu Katibu hata akinituma maji. “Ndugu Katibu, ndoo inakuita kwenye kikao,” ananiambia, na jirani wanacheka.

Ushirika ulikuwa na wateja wawili wa maana. Wa kwanza ni hosteli ya wauguzi mjini, iliyowapa madobi wale mashuka kila wiki kwa miaka sita, tangu kabla ya ushirika. Wa pili ni meli nyeupe ya watalii iliyopita bandarini kwetu mara moja kwa mwezi. Meli ile ilitoa kidogo tu, vitambaa vya meza na aproni za wapishi. Mashuka yake yalifuliwa Mombasa.

Basi mie nikataka kujua kwa nini Mombasa. Wewe unanijua, kitu kikiniingia kichwani siwezi kula. Nikawa nashinda nje ya geti la bandari nikiwauliza makuli, mabaharia, kila aliyetoka. Mpishi mmoja wa meli ile, Mgoa aliyetoka kutafuta nazi, ndiye aliyenifungua macho. Akanieleza kwamba meli ya starehe ina bandari moja inapoanzia safari na kuimalizia. Pale abiria wote hushuka na wapya hupanda, meli hukaa tupu siku mbili, hupakia nyama na maji, na mashuka yote huteremshwa. Bandari nyingine zote ni za kupita tu, abiria anashuka, ananunua kinyago, anarudi kulala kitanda kilekile. Akasema ukitaka kujua meli ni ya wapi, usisome mji ulioandikwa nyuma yake, tazama inateremsha wapi mashuka.

Nililipenda neno lile mno. Nilitembea nalo Temeke nzima kama mtu aliyevaa kanzu mpya.

Mwezi uliofuata meli ikafunga gati, abiria wote wakashuka na masanduku, na yakaanza kuteremka mashuka. Mashuka, foronya, mataulo, mapazia, mpaka vifuniko vya magodoro. Mikokoteni mitatu ilikwenda na kurudi toka asubuhi hadi alasiri. Madobi saba na wake zao na watoto wao walifua siku mbili, kamba zikaisha, wakaanika juu ya ua wa miba. Na katikati ya weupe wote ule nimesimama mie, ninayejua maana yake.

Kikao kilikaa wiki ile ile. Nikasimama nikawaambia kwamba kampuni imeihamishia meli Dar es Salaam, kwamba sasa sie ndio bandari yake, na kila mwezi itakuwa hivi. Nikawaambia pia kwamba kamba zetu haziwezi kubeba meli na hosteli kwa pamoja. Wakanong'ona. Mzee Selemani aliniuliza swali moja tu, kama nimesikia habari hiyo kwa mtu wa kampuni. Nikamjibu kwamba sihitaji kuambiwa, mashuka yamekwisha sema. Wakapiga kura. Na barua ya kuiaga hosteli niliiandika mie, kwa mwandiko wangu mzuri, nikaweka na salamu za ushirika chini.

Mwezi uliofuata tulikwenda bandarini na mikokoteni mitatu. Meli ilikuwa pale, nyeupe vilevile. Tukasubiri. Baharia mmoja akashuka na vifurushi viwili begani, akavitua miguuni pa Mzee Selemani. Vilikuwa vitambaa vya meza na aproni.

Mmoja wetu akauliza vingine viko wapi. Baharia akasema vingine gani. Ndipo tukaambiwa kwamba mwezi ule uliopita boila la kuchemshia maji la kiwanda cha kufulia kule Mombasa lilikuwa limepasuka, na kwa kuwa abiria walipelekwa kwa ndege kutazama wanyama kwa siku mbili, meli ikaona heri ifulie huku. Boila lilikuwa limekwisha tengenezwa.

Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lililoniua. Mzee Selemani alipakia vifurushi vile kwenye mkokoteni mmoja, akawaambia wenzake wausukume ule, akashika mtupu yeye mwenyewe. Kesho yake nilikimbilia hosteli. Mama aliyesimamia pale akanieleza kwa upole kwamba madobi wengine wamekwisha pewa kazi, akafungua saraka akanionyesha barua yangu. Niliporudi, Bi Somoe akanipakulia chakula kama siku zote, tena mie wa kwanza. Nyumba saba hazina kazi, na mimi napakuliwa wa kwanza. Kulipokucha nikachukua mfuko.

Sasa pale njia ya mtaa ilipokutana na barabara palikuwa na duka la Serahangi Salim. Familia yao, Waarabu wa hapo hapo, ilikuwa na duka lile tangu babu yake. Lakini yeye ujana wake wote aliumalizia kwenye meli za abiria, mpaka akawa serahangi, yaani mkubwa wa mabaharia wa sitahani. Alikuwa anafungua madirisha ya duka. Nikampa shikamoo nikiwa natembea.

“Marahaba. Unakwenda wapi na mfuko?”

Nikamwambia sijui.

“Hujui, halafu unaharakisha. Kaa hapa.”

Akanimiminia kahawa. Habari yote alikuwa nayo, Temeke nzima ilikuwa nayo. Hakunipa pole. Akaniuliza kama bado nataka kujua kampuni inavyochagua meli ipi ianzie bandari ipi, au hamu imekwisha. Mwanangu, aibu yote ile, na bado nikasema nataka.

Akanieleza polepole huku akipanga mche mmoja wa sabuni juu ya mwingine. Kwanza wanatazama abiria wanatoka wapi. Mtalii hateremki kutoka mbinguni. Siku zile ndege kubwa zilimleta Nairobi, treni ikamshusha Mombasa asubuhi na masanduku yake, meli imemngoja pale pale. Pili wanatazama mlango. Mlango wa bandari yetu ulikuwa mwembamba na umepinda, meli ndefu ilingoja maji yajae na rubani wa bandari akashika roho mkononi, ilhali Kilindini ni kina kitupu. Ndiyo maana meli kubwa ya kampuni ile haikukanyaga kwetu kabisa, wakatuletea ndogo. Wanatazama pia kama pana chelezo cha kuitengeneza ikiugua, kama pana nyama na barafu ya kutosha watu mia kadhaa, kama bandari inayofuata ni mwendo wa usiku mmoja ili abiria alale huku aamke kule. Meli iliyozeeka wanaipa njia fupi na bahari ya utulivu, ile mpya wanaipeleka penye wenye pesa. Wanapima yote hayo mezani miaka miwili kabla. Mashuka yanakuja mwisho kabisa.

“Wewe ulishika mkia wa ng'ombe, ukatangaza umeona zizi zima,” akasema. “Yule Mgoa hakukudanganya. Alikwambia kitu cha kweli, na wewe hukumuuliza tena. Ofisi ya wakala wa meli iko hatua mia kutoka lile geti ulilokuwa unashinda. Ulishindwa nini kuingia?”

Nikasema ukweli. Niliogopa wataniambia sivyo.

“Haya, umesema.” Akanywa kahawa yake. “Sasa nikwambie jingine la meli. Kampuni ikiihamisha meli, inamwandikia wakala, inamwambia mpaka muuza maji. Wewe unaacha nyumba iliyokulisha kama mwizi wa kuku. Rudi ukaage. Halafu ukitaka kwenda, nenda mahali penye vitanda.”

Nilirudi. Mzee Selemani alikuwa uani anakunjua kamba ambazo hazikuwa na cha kuanika. Nikapiga magoti nikamwambia nilikosea, na niliogopa kuuliza. Nikamwambia nakwenda upande wa barabara ya Bagamoyo, nitauliza kila palipo na vitanda vingi, nikipata nisipate nitaleta jibu.

“Nenda,” akasema. “Ila usiwaahidi kitu hujakiona.”

Bi Somoe akanifungia muhogo wa kuchoma kwenye gazeti. Akasema mumewe na abaki na pasi yake, lakini kuteka maji sasa yeye atamtuma nani, katibu amepanda cheo.

Nilitembea Kinondoni yote, mitaa yake wakati ule ndiyo kwanza inanyooshwa. Nikaingia nyumba za wageni, hosteli, shule za bweni. Safari hii sikuanza kwa kusema. Niliuliza. Mna vitanda vingapi? Nani anafua sasa? Kwa nini yeye? Maji yanatoka siku zote? Mahali pengi majibu yalikuwa mazuri kwao na mabaya kwangu, nikashukuru nikatoka. Siku ya tatu, vumbi limenifika kwenye nyusi, nikafika karibu na Bunju, kwenye chuo kidogo walikokuwa wanafundishwa mabwana shamba wa vijiji vya ujamaa. Kulikuwa na minazi, mabweni manne mapya, na kisima kimoja kilichokuwa kinakauka kila kiangazi. Mlezi wa mabweni aliitwa Mama Edita, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi. Akaniambia wanafunzi wanafua wenyewe, na kisima kikikauka hawafui, na kwamba harufu ya bweni la tatu ningeisikia bila kuambiwa. Ni kweli niliisikia.

Lakini Temeke ni mbali, akasema.

Nikamuuliza unga wao unatoka wapi. Akasema kila Jumamosi lori la chuo huenda ghala la barabara ya Pugu. Nikamuuliza likienda linabeba nini. Akafikiri kidogo. Haliendi na kitu, akasema, linakwenda tupu. Nikachora chini kwa kijiti, barabara ya Pugu hapa, Temeke hapa, mwendo mdogo tu wa kuchepuka. Mashuka machafu yaende na lori tupu, yale safi ya Jumamosi iliyopita yarudi juu ya magunia ya unga, yamefunikwa turubai.

Akatazama mchoro muda mrefu. Akataka kujua kama yatarudi kila Jumamosi bila kukosa.

Mwanangu, ulimi ulikuwa tayari kusema ndiyo. Nikaumeza. Nikamwambia siwezi kuapa, mvua za masika zikishika siku nne hakuna shuka litakalokauka Temeke, na lori likiharibika mie sina dawa. Nikamwambia aanze na mabweni mawili, aone.

“Wewe ni mtu wa kwanza kuja hapa kuomba kazi nusu,” akasema.

Akanipa mabweni mawili. Na kwa kuwa Jumamosi ilikuwa siku nne mbele, akanifungulia stoo nyuma ya jiko, akanipa mkeka na blanketi, akasema nilale pale mpaka lori liondoke. Nilitandika mkeka kati ya magunia. Kulikuwa bado na mwanga. Nikachana karatasi kwenye daftari la ushirika, nikamwandikia Mzee Selemani, nimkabidhi lori likifika Temeke, hesabu ya mashuka, siku ya lori, na chini yake yote niliyokuwa bado siyajui.

Basi nakwambia hivi. Udadisi ni mali, usimruhusu mtu akutie haya kwa ajili yake. Lakini ukipata jibu linalokufurahisha sana, hapo ndipo uulize tena, na umuulize yule anayeweza kukwambia sivyo. Kukosea peke yako ni masomo. Kukosea na nyumba saba nyuma yako ni kitu kingine, na anayewaongoza watu kwa neno lake awaambie pia sehemu asiyoijua. Na ukikosea, usichukue mfuko alfajiri. Kaa usemwe, kisha uende ukatafute cha kurudisha, hata kama ni nusu.

Mungu akufungulie njia, mwanangu, maana najua hutakaa. Akupe kila uendako mtu wa kukukalisha chini na kukuuliza unakwenda wapi, na akupe ulimi wa kumjibu kweli. Na ukifika ugenini umechoka, akupatie mwenye nyumba mwema na mahali pa kulaza ubavu. Amina.