Chatu wa Uani Kwangu

Naomba nikiri mwenyewe kabla majirani hawajanitangulia. Magazeti binafsi yalipoanza kuota kama uyoga, nami nikawa mwandishi wa mojawapo hapa Dodoma. Kila asubuhi nilikaa uani na daftari, nikiandika wanyama waliotembelea mizabibu yangu: nguchiro wawili, kenge mmoja, ndege wasiohesabika.

Asubuhi moja nikakuta mburuzo mchangani, umepinda huku na huku hadi kwenye ua wa minyaa. Siku tatu mfululizo ulikuwepo, na mizabibu, ambayo sikumbuki kuimwagilia tangu kiangazi kianze, ilizidi kunawiri. Nikaandika: "Chatu anakula panya wanaotafuna mizizi." Nikampigia simu mhariri, akaniwekea nafasi ukurasa wa kwanza. Ilibaki kauli ya Bwana Nyama, ofisa wetu wa wanyamapori.

Alikuja na bunduki. Majirani nao wakaja. Akaufuata mburuzo taratibu, akachungulia nyuma ya ua, kwa jirani yetu Mama Neema, kisha akaniita.

"Mwandishi, njoo umwone."

Nilikwenda kwa kunyata, kalamu mkononi. Chini ya bomba palikuwa na mpira wa maji, umeviringishwa vizuri, bado unadondosha matone.

"Huwa namwazima mkeo alfajiri," alisema Mama Neema. "Anamwagilia zabibu ulizozisahau."

Bwana Nyama alishusha bunduki, akanitazama.

"Haya, andika kauli yangu. Huyu hana meno."