Karatasi ya Kaki Utosini

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kitana. Nilipewa kichwa cha Mama Meneja. Saluni ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko la Musoma, mali ya kikundi cha akina mama, na yeye ndiye aliyekabidhiwa kuisimamia. Nilitoka Kigera asubuhi nimevaa gauni langu la kanisani, nikidhani nitaonyeshwa kiti nikae. Akakaa yeye, akafungua kilemba, akasema, "Ingiza vidole. Halafu uniambie nimeosha lini."

Nywele zake zilikuwa nyingi, nyeusi, zimefika mabegani. Kwenye ngozi ya kichwa vidole vyangu viliteleza. Nikamwambia kwa adabu, "Mama, hizi zina wiki kadhaa."

"Nimeosha juzi," akasema. "Hiki kichwa kina mafuta yake, nimezaliwa nacho. Ukikijua hiki, hakuna kichwa mkoa huu wa Mara kitakachokusumbua."

Hivyo ndivyo nilivyoanza ususi. Nawaandikia ninyi mabinti mnaofanya kazi hii sasa, mkiwa na rafu iliyojaa chupa na mteja anaulizwa "una bajeti gani" kabla hata hajavua mtandio. Sisi hatukuwa na rafu. Ilikuwa miaka ya foleni, sabuni ilikuja kwa mgao, na mafuta ya nywele ya dukani tuliyasikia kwa watu waliotoka safari. Mama Meneja alikata mche wa sabuni kwa uzi, si kwa kisu, kwa sababu kisu hudondosha makombo. Kipande kimoja, kichwa kimoja. Mteja aliyetaka povu jingi alishauriwa aende ziwani akaangalie mawimbi.

Kazi ilianza kwa karatasi ya kaki, ile ya kufungia sukari siku sukari ilipopatikana. Unapasua nywele katikati kwa ncha ya kitana, unabandika kipande cha karatasi utosini, unakikandamiza kwa kiganja, kisha unakiinua dirishani. Palipo na mafuta karatasi inapitisha mwanga. Doa likiwa dogo na la mviringo, hayo ni mafuta ya mwili wenyewe. Likisambaa karatasi nzima, mtu amejipaka samli au mafuta ya kupikia, na wengi walijipaka maana hawakuwa na kingine. Vichwa hivyo viwili haviendi njia moja, na anayevichanganya anaharibu vyote.

Kichwa chenye mafuta yake hatukukipa maji kwanza. Tulikinyunyizia vumbi la mashine ya kusaga, lile jeupe linaloganda ukutani, ambalo mwenye mashine alituachia tufagie bure. Linanyonya mafuta, unalichana likatoka lote. Ndipo maji ya vuguvugu, sabuni kwa ncha za vidole kwenye ngozi tu, na mwisho maji yaliyokamuliwa limau moja. Ukimaliza, unapaka tone la mafuta kwenye ncha za nywele, hufiki kwenye mzizi. Aliyetaka kusukwa nilimsuka twende kilioni, ile mistari ya haraka ya kurudi nyuma, ili ngozi ipate hewa. Mama Meneja alikuwa na neno lake: "Sabuni ya ngozi, mafuta ya ncha. Basi." Nimelisema neno hilo maisha yangu yote, na bado nakuta binti wa saluni anampakaza mtu mafuta utosini kama anayepaka sufuria.

Hatukuwa na kibao barabarani. Kibao kilikuwa kichwa chake. Alikaa mlangoni kilemba kikiwa mapajani, nywele zinang'aa bila kunata, na wanawake waliopita kwenda sokoni walisimama wenyewe. Karibu wote waliomba kwa maneno yaleyale: "Nifanye kama wewe." Kizuri chajiuza, na yeye alijua hivyo. Sikuwahi kumwona akijivuna mbele ya mteja, lakini niliona alivyojitazama kwenye kioo jioni kabla ya kufunga.

Nilipokwiva nilipelekwa Bunda kufungua tawi. Huko ulikuwa ulimwengu wa pamba. Msimu wa malipo wake za wakulima walijaa barazani, vichwa vimeloa mafuta ya mbegu za pamba, na vumbi la barabara ya Mwanza limeganda juu yake. Sabuni ya mgao isingetosha, kwa hiyo nilijifunza kwa bibi mmoja wa pale kupika sabuni ya magadi kwa mafuta hayohayo ya pamba. Ilikuwa kali, niliiacha ikauke muda mrefu kabla sijaigusisha kichwa cha mtu. Mama mmoja wa Kiabakari alinilalamikia, "Dada, mimi naoshaga kila siku na bado yanatoka tu." Nikamwambia ndiyo maana yanatoka, kichwa kikikaushwa kila siku kinajitetea. Hakuniamini. Alirudi baada ya kuacha kuosha wiki nzima, amebeba kuku.

Mwenyekiti wa kikundi alikuja kunikagua. Alikuwa mama mwenye sauti nzuri na viatu vya kisigino, na nisimsingizie, aliipenda saluni kama tulivyoipenda sisi. Alitazama kikapu changu cha malimau, akauliza, "Hii ni saluni ama genge?"

Muda si mrefu biashara ikafunguliwa na akapata alichokitaka. Bidhaa ziliingia kupitia Sirari, mpakani na Kenya, kwa maboksi. Ikaja dawa, yaani ile krimu kali ya kulainisha nywele. Ikaja draya, kofia ya umeme ya kukaushia. Kilichowapagawisha watu ni kalikiti, mawimbi ya kulowana yaliyodai kupuliziwa mafuta asubuhi na jioni. Kalikiti ilikunywa mafuta kama chemli inavyokunywa mafuta ya taa. Mito ya vitanda ilichafuka, migongo ya mabenchi kanisani ikaota madoa. Mwenye kichwa cha mafuta akiweka kalikiti alikuwa anabeba mafuta juu ya mafuta, kisha analia vipele. Mama Meneja aliziweka chupa hizo dukani kwa amri ya Mwenyekiti, na aliyekuwa na uwezo alihudumiwa. Yeye mwenyewe hakuzitia kichwani mwake. Aliendelea kukaa mlangoni na nywele zake za limau, na katikati ya saluni mpya zilizoota mtaa mzima, yetu haikukosa watu.

Kisha mume wake akafariki. Alikuwa mtu wa Butiama, na msiba uliwekwa kwao. Nilitoka Bunda kwa basi, nikashuka nikatembea, nikamkuta kwenye mkeka na wanawake wa ukoo, kilemba kimefungwa hadi kwenye nyusi. Alipoinua macho hakunisalimia. Alisema, "Umekuja na limau?"

Nilielewa. Kwa desturi ya ukoo ule, mjane hunyolewa kichwa chote baada ya mazishi. Aliyepaswa kushika wembe ni dada wa marehemu, naye mjane, kwa sababu kazi hiyo haipewi mtu wa nje. Mwenyekiti alikuwa amefika siku moja kabla yangu kutoa pole, akamnong'oneza kwamba azungumze na wakwe, wamkate kidogo tu kwa heshima, au wapokee mbuzi yaishe. "Nani atakuja kutengenezwa nywele na mtu asiye na nywele?" alimwambia. "Ukinyoa, itabidi upumzike mpaka ziote. Tutamweka mwingine."

Mama Meneja alinieleza hayo kwa sauti ya chini huku wanawake wengine wakichambua mchele. Sikuweza kujizuia. Nikamwambia, "Mama, akuwekee mwingine wapi? Ile saluni ni wewe."

"Ni mimi. Sasa huyu mwanaume tumekaa naye miaka yote hii," akasema, "nikamzike nusu?"

Akamgeukia dada wa marehemu. "Wifi, nipe ruhusa nioshwe kwanza. Sinyolewi na kichwa kichafu."

Wifi yake alikuwa mtu mzima, mkavu wa maneno. Alifikiri kidogo, akasema, "Aoshwe. Si vibaya."

Baada ya mazishi nilimwoshea uani, nyuma ya jiko. Mkono wangu ulikwenda wenyewe, nikachana karatasi ya mfuko wa sukari ya msiba, nikaibandika utosini, nikaiinua juani. Doa lilikuwa palepale, dogo, la mviringo. Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mtoto wake. Niliosha kwa utaratibu wote, hata tone la mwisho kwenye ncha ambazo zilikuwa zinakwenda kukatwa. Nililia, na machozi yangu yalimdondokea shingoni, naye akaniacha.

Aliporudi mkekani alishusha kanga mabegani. "Kinyozi hajinyoi, wifi," alisema. "Chukua wembe. Anzia paji la uso, fuata zinakolala, usirudi nyuma, utaniotesha vipele." Wifi yake akafanya kama alivyoelekezwa. Zilianguka kwenye ungo, nzito, bado zinanukia limau. Kilipobaki kichwa kitupu niliona kwa mara ya kwanza kovu nyuma ya sikio ambalo sikulijua, mimi niliyekishika kichwa kile miaka yote.

Nilihamishiwa Musoma kushika saluni wakati wa eda yake. Mwenyekiti alinipa ufunguo, nikaupokea kwa sababu bila mtu mlango ungefungwa. Wateja walipungua. Niliwaosha waliokuja, nikauza chupa, na kila aliyeingia aliuliza, "Mwenyewe yuko wapi?"

Desturi ilipomruhusu kutoka, alikuja asubuhi moja kwa miguu. Nywele zilikuwa zimeota kidogo tu. Nilimtolea mtandio mzuri kutoka kabatini. Akaukunja akaurudisha, akavuta kiti chake hadi mlangoni, akakaa kichwa wazi. Wanawake walipita, wakatazama, wakageuza macho. Wengine walivuka barabara, kwa kuwa mjane aliyenyolewa anaogopewa kidogo hata na wanaompenda. Alikaa hivyo siku hiyo, na iliyofuata. Nilikuwa na uchungu kiasi kwamba nilitamani afunge kilemba.

Mwenyekiti akaja. Alisimama barazani na viatu vyake, akasema kwa upole, na upole ule uliniumiza kuliko matusi, "Mama, pumzika. Unajiaibisha, na unakiaibisha kikundi."

Kabla hajajibiwa, aliingia mwanamke kijana aliyefanya kazi ya kuhesabu fedha benki. Tulimfahamu, alikuwa mteja wa kalikiti. Alipita katikati yetu, akakaa, akavua kilemba. Dawa aliyowekewa saluni nyingine juu ya ngozi yenye mafuta na vipele ilikuwa imemchoma. Nywele zilikuwa zimebaki visiwa. Alikuwa amejificha hivyo muda mrefu, na hakuwa na fedha ya kujaribu tena. Akamtazama Mama Meneja mlangoni, akasema, "Nifanye kama wewe."

Mama Meneja alinyanyuka, akamwekea kiganja utosini, akaniambia bila kugeuka, "Karatasi." Mwenyekiti alibaki pale mpaka kazi ikaisha. Alipoondoka alimwomba msamaha mbele yangu, kwa maneno machache, na hakutaja tena habari ya kumweka mwingine.

Baada ya huyo wakaja wengine, wa kuungua, wa kuchoka kununua mafuta, wanafunzi, wauza dagaa ambao hawakuwa na muda wala fedha. Nywele fupi, limau moja, kipande cha sabuni, basi. Mwaka ule tulikata kuliko tulivyosuka. Zake zilipoota hadi mabegani alizikata tena, safari hii kwa hiari.

Nimestaafu sasa, magoti hayataki kusimama. Mnaponiuliza dawa ya nywele za mafuta kwa mtu wa kipato kidogo, nawajibu yale ya siku ya kwanza: gusa kwanza kichwa, jua mafuta ni ya nani, usikigombeze. Chupa ziko nyingi na sizichukii. Ila anayeuza chupa kabla ya kugusa kichwa si msusi, ni muuza duka.

Mama Meneja anaishi na mjukuu wake, si mbali na kwangu. Macho yamekwenda. Kila Jumamosi namwosha, na kila Jumamosi anadai karatasi. Juzi nilibandika, nikakandamiza, nikainua dirishani. Ilikuwa kavu kabisa. Nikaigeuza upande wa pili, nayo ni hivyohivyo.

"Enhe," akasema. "Yapo?"

"Yapo, Mama. Kidogo."

Akapapasa mpaka akaupata mkono wangu, akaipitisha ile karatasi kati ya vidole vyake viwili.

"Muongo wewe," akasema. "Haya, leta mafuta. Leo paka mpaka kwenye ngozi."

Nikampaka.