Picha Zilizoacha Kuchechemea

Shemeji yangu, mdogo wa kike wa mke wangu, ni mpole kwa kila kitu isipokuwa duara. Mpe chai isiyo na sukari, atakunywa kimya. Mwonyeshe duara lenye kingo zilizokwaruzika, hali wala halali mpaka likae sawa. Mchana yuko katika duka la kuchapa na kutoa nakala: anapanga kurasa za watu, anazibana, anawakabidhi kazi yao ikiwa safi. Jioni ndipo anaposhika yake.

Yake ni kuchora kwa maandishi. Kuna programu ya bure: unaandika agizo kwamba unataka duara jekundu linalozunguka, na papo hapo duara jekundu linazunguka. Ukibadilisha neno, picha nayo inabadilika bila kusimama. Shemeji huunganisha kompyuta na projekta, maneno na picha vikatokea pamoja ukutani, watu wakamwona anavyoandika, anavyokosea na anavyosahihisha, nami pembeni napiga ngoma. Mimi ni fundi rangi, lakini mwisho wa wiki, katika ukumbi wa vijana nyuma ya gereji, mimi ni mpiga ngoma, tena msinichezee. Watu waliusifu mdundo wangu wa kuchechemea: unakwenda, unasita kidogo, halafu unaruka. Wenzangu walijaribu kuuiga, hawakufua dafu. Nikiulizwa nimejifunzia wapi, nilikuwa nasema hiki ni kipaji, na kichwa kikazidi kuvimba.

Kasoro ilikuwa kwenye picha. Kompyuta ya shemeji ni kuukuu, aliinunua kwa mtu aliyekwisha kuichoka, na kitufe kimoja kimeshikiliwa na gundi. Maduara yalikuwa na meno meno kama kizibo cha soda, na kila baada ya muda picha inakwama, kisha inaruka. Mwingine angenuna au angetafuta kompyuta mpya. Yeye akaingia ndani ya programu yenyewe, maana ni ya wote: yeyote anaweza kuifungua, akaona ilivyoundwa, akapeleka marekebisho kwa wanaoitunza. Humo akagundua kwamba inachora kila kitu upya kila mara, hata kile kisichosogea. Aliniambia ni sawa na mtu kufua kabati zima kwa sababu soksi moja imechafuka.

Akarekebisha, akapeleka. Mtunzaji mkuu, mzee fulani wa mbali tuliyempa jina la Bawabu, akamrudishia: kwenye kompyuta za wengine maandishi yamepotea. Akarekebisha tena, akarudishiwa tena. Nikamwambia aachane na mzee huyo, kwani anamlipa?

"Shemeji," akasema, "mimi nachapa kazi za watu mwaka mzima. Nataka kitu kimoja nilichotengeneza mimi, watu wakitumie."

Akarudi kwenye kompyuta, akarekebisha mara ya tatu.

Safari iliyofuata Bawabu akalegea. Kazi imekaa vizuri, alisema, ila anataka kuiona ikitumika mbele ya watu, kwenye kompyuta ileile kuukuu. Atumiwe video kabla hajafunga mlango wa toleo jipya. Asipoiona, basi, kwa sababu baada ya hapo wamepanga kuacha kabisa kuzihangaikia kompyuta kuukuu.

Ukumbi ukajaa. Shemeji akaandika, maduara yakatoka laini, yakateleza ukutani bila kukwama hata mara moja, watu wakaguna kwa raha. Nami nikapotea. Jamani, nilipotea! Mkono ulisubiri kitu ambacho hakikuja. Nikachelewa, nikawahi, nikapiga kama sufuria zinazoporomoka ngazini. Mke wangu ndiye aliyekuwa anarekodi, na alicheka mpaka video ikatikisika.

Nilimwambia shemeji kwamba ameharibu programu. Akanijibu kwa macho makavu kwamba haijawahi kuwa nzima kama siku ile. Kesho yake mke wangu akatukalisha mezani, akatuwekea video zetu za zamani, akasema safari hii tusikilize huku tumeukazia macho ukuta, siyo sura yangu. Kila picha ilipokwama, mkono wangu ulisita. Kila iliporuka, nami niliruka. Kipaji changu chote kilikuwa ugonjwa wa kompyuta kuukuu.

Iliniuma, sitaficha. Lakini nikapiga moyo konde, nikamshauri shemeji aondoe sauti, ampelekee Bawabu picha tupu. Yeye ametaka picha; ngoma zangu zinamhusu nini? Mke wangu akaniunga mkono, kwani siku za mlango kufungwa zilikuwa zimekaribia.

Shemeji akakataa. Alituma video na kelele zake zote, akamweleza Bawabu waziwazi kwamba picha imepona na mpiga ngoma ameugua. Kisha akakaa na kompyuta yake, akaongeza agizo moja dogo: ukiliandika, picha inachechemea kwa makusudi, kadiri unavyotaka, ukilifuta, inakwenda sawa. Hilo nalo akalipeleka. Mimi niliona amejimaliza mwenyewe, maana nani anapeleka dawa na ugonjwa katika mfuko mmoja? Tukakaa roho juu.

Jibu lilipokuja, nilikuwa juu ya ngazi napaka dari ya duka lao. Nikamwona shemeji ameacha mashine ya nakala ikitema karatasi hadi sakafuni. Bawabu amepokea yote, marekebisho pamoja na agizo. Ila alikuwa na swali: lile neno alilolitumia kuwa jina la agizo lina maana gani? Shemeji akaniita nishuke nisome. Nikashuka na brashi mkononi, rangi ikinidondokea viatuni. Agizo la kuchechemea linaitwa "shemeji".

Nikajitia kukohoa. Tangu siku ile, akiliandika neno hilo ukutani mbele ya watu, picha inaanza kusita na mkono wangu unapata njia.

Juzi mke wangu ametuonyesha video ya dada mmoja wa nchi ya mbali kabisa, lugha yake hatuijui hata salamu. Kompyuta yake imechakaa kuliko yetu. Aliandika, maduara yakatoka laini bila jino hata moja. Halafu, herufi kwa herufi, akaandika "shemeji", picha zikachechemea, na kijana aliyekuwa kando na ngoma akasita kidogo, akaruka.

Shemeji alitazama mpaka mwisho. Akairudisha mwanzo, akatazama tena, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Shemeji," akaniambia, "huyo anakuzidi."