Dirisha la Akiba Kisauni Lilipofungwa

Kutoka kwetu Mwakirunge hadi Kisauni ni mwendo wa asubuhi nzima ukiwa na mzigo kichwani. Sisemi hivyo nionewe huruma, miaka hiyo nani hakutembea? Nasema ili ieleweke kwamba hata tawi la akiba lilipokuwa karibu nasi, halikuwa karibu. Mama alikuwa akishona makuti, akiyauza kwa wajenzi wa huko Kisauni, na kila alipouza alipitia dirisha la tawi hilo kuweka fedha kidogo. Mimi nilikuwa nyuma yake na mafungu yangu madogo, shingo ikiniuma, nikinung'unika njia nzima.

Dirisha lenyewe lilikuwa kwenye nyumba ya mawe ya chumba kimoja, kando ya barabara. Ndani mlikuwa na karani mmoja tu, mzee wa kanzu na kofia, wa ukoo wa zamani wa papo hapo. Alimjua kila mtu: nani mgonjwa, nani kafiwa, nani anakificha kitabu cha akiba mumewe asikione. Siku mama alipokwenda kufungua kitabu, mzee alimwuliza kitiwe jina la nani. Mama akanisukuma mbele.

"Huyu."

"Yuwaitwaje?"

Mama akatazama chini.

Kwetu mtoto wa kike wa kwanza hupewa jina la mamake baba. Na mwanamke hamtaji mkwewe kwa jina, hata awe amekasirika vipi, hata awe usingizini. Ukimtaja ni kama umemvua nguo mbele za watu. Kwa hiyo mamangu, aliyenizaa mwenyewe, hakuwahi kuniita jina langu. Aliniita Hawe, yaani bibi kwa lugha ya kwetu. Bibi mwenyewe alikuwa hai, tena mkali, tuliishi naye boma moja. Jina lenyewe silitaji hapa, litaniwia radhi.

Yule mzee alielewa mara moja. "Ala! Kumbe ni somo wa mkweo? Basi usitaabike. Ndoo hapa mwanangu, nambia wewe." Nikamwambia, akaandika, mama akatia dole gumba. Tangu siku hiyo, tukitokeza tu yeye hupaza sauti, "Mkwe yuwaja leo! Mkaribisheni!" Mama alikuwa akicheka, na mama hakuwa mtu wa kucheka barabarani.

Fedha zile zilikuwa za shule yangu. Baba alichukuliwa vitani, na barua zake tulisomewa na mwenye duka, dukani, mbele ya watu waliokuja kununua chumvi. Kila mtu alijua baba anaumwa mguu kabla mama hajafika nyumbani. Hilo lilimkera sana. Alitaka awe na msomaji wake ndani ya nyumba yake, basi. Shule ya misheni ya wasichana, upande wa bara, ilikubali kunipokea. Nilitakiwa nifike Jumatatu ya kwanza ya muhula na ada mkononi, blanketi na nguo mbili. Asiyefika, nafasi yake inapewa mwingine. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja hivi, na nilikuwa nimekwisha waringia wenzangu wote.

Miezi michache kabla ya siku hiyo tukakuta karatasi imebandikwa dirishani. Tawi linafungwa, shughuli zote zitakuwa mjini. Watu walisema ni kwa sababu ya vita, wengine wakasema ni kwa sababu sisi wa huku hatuweki vya kutosha. Sababu yenyewe hatukuambiwa. Mzee karani alikuwa anahamishiwa Malindi. Alimwambia mama, "Toa zote leo, mwanangu. Huko mjini hawakujui." Mama akakataa. Azipeleke wapi? Nyumba yetu ilikuwa ya makuti, na shemeji zake walikuwa na mapua ya kunusa fedha. Akasema zikae huko huko, shule ikikaribia atazifuata. Mzee akamtazama, akasema, "Haya, inshallah," akaufunga ubao wa dirisha.

Tulikwenda mjini Jumanne ya wiki ile ya mwisho kabla ya shule. Jogoo wa kwanza tuko njiani. Kisauni tukaipita, nyumba ya dirisha sasa imewekwa magunia ya mkaa, tukaendelea mpaka daraja la Nyali. Hapo kuvuka ni kwa senti, wewe na miguu yako unalipia. Mjini tulipanga foleni mpaka jua likawa utosini. Watu walikuwa wakimtazama mama na hando lake, ile sketi ya marinda ya kwetu, wakikonyezana. Nilitamani ardhi inimeze.

Karani wa huko alikuwa kijana wa bara, nyuma ya wavu wa chuma, shati jeupe, kalamu sikioni. Akakifungua kitabu.

"Jina la mwenye kitabu?"

Mama akanitazama.

"Mama, nimekuuliza. Jina?"

Nikalitaja mimi. Akanikata. "Wewe nyamaza! Nimemwuliza aliyefungua kitabu." Akamgeukia mama. "Wewe ni bubu? Au kitabu umekiokota?"

Nyuma yetu watu wakacheka. Mama akanyoosha mkono, akachukua kitabu chake, akatoka. Nje nikamwambia, karibu nalia, "Mama, si useme tu!" Akasema, "Siwezi." Tukarudi njia ile ile, senti za daraja tena, tukaingia nyumbani giza limetanda, na makuti ya siku nzima hayakushonwa.

Ijumaa tukaenda tena. Safari hiyo alikuwa ametunga maneno, nilimsikia akiyarudia njiani. Alipofika dirishani akayasema yote kwa pumzi moja: "Ni jina la mamake bwana wangu."

"Hilo si jina. Huyo mama wa bwana wako anaitwaje?"

Mama alimwonyesha dole gumba lake, alitie wino, alilinganishe. Kijana akasema dole ni baada ya jina, hiyo ndiyo taratibu, na watu wanangoja. Kusema kweli hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, nasi tumechoka, na hakuna aliyemfundisha mambo yetu. Lakini siku ile nilimchukia. Mama nilimchukia zaidi. Nilijiambia hivi: neno moja tu, neno ambalo kila mtoto bomani analisema akiniita tucheze, mama yangu anashindwa nalo, na mimi nakosa shule.

Jumamosi na Jumapili hatukusemezana. Bibi alituona tu tukipishana, akauliza kuna nini, mama akamjibu hakuna kitu. Angemwambia vipi? Hata kulileta jambo lenyewe mdomoni mbele ya mkwe ilikuwa aibu.

Jumatatu, siku ile ile niliyotakiwa niwe shuleni, tukavuka daraja mara ya tatu. Mama hakula kitu tangu jana yake. Foleni ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Kijana alipouliza jina, mama aliushika wavu kwa vidole, akalisema.

"Sikusikia. Sema kwa nguvu."

Akalisema kwa nguvu. Mwanamke mmoja wa kwetu, aliyekuwa foleni ya pembeni, aligeuka, mkono mdomoni. "Wee!" Mama hakumgeukia, alibaki ameushika wavu. Kijana akapiga muhuri, akalishika dole la mama akalitia wino, akahesabu fedha, akasema, "Umeona? Ni rahisi tu."

Jumanne alfajiri tukaelekea shuleni, nguo mbili na blanketi kichwani kwangu, fedha zimefungwa kwenye pindo la leso ya mama. Mwalimu mkuu alitupokea vizuri, akatupa maji. Akafungua daftari lake, akatafuta kwa kidole. Halafu akasema, pole sana, nafasi ilijazwa jana jioni. Mtoto mwingine alikuja na babake. Tujaribu mwakani.

Mama akashukuru. Ndiyo, alimshukuru! Akaaga kwa adabu zote, tukatoka.

Mwakani haikuja. Baba alirudi na mguu wake, mguu ukala fedha zote, na mimi nikabaki kushona makuti. Kusoma nilijifunza mtu mzima, kwenye ngumbaru, na watoto wangu wakinicheka. Nyumbani bibi alizisikia habari za mjini kabla hatujafika. Alidai kuku wawili wa fidia ya jina lake, akapewa, yakaisha. Baadaye sana aliniambia mwenyewe kwamba mama angemwambia tu, angempa ruhusa bila kuku.

Lakini hayo siyo yanayoninyima usingizi. Ni pale njiani, tukirudi kutoka shuleni. Nilikuwa nimetangulia mbele, hatua ndefu, blanketi limenielemea, nalia kwa hasira. Mama hakuweza kunifuata. Alikuwa ametembea siku nyingi mno, akaketi kando ya njia akanyoosha miguu. Akaniita. Si kwa Hawe. Aliniita jina langu, lote, taratibu, kama mtu anayejaribu ngazi kama itambeba. Nikasikia. Akaniita tena, mara ya pili. Nami sikuitika, nikaendelea kwenda.

Hakuniita hivyo tena mpaka alipokufa.