Ubao wa Pasi wa Jaja

Hebu niambie, rafiki yangu, wewe ungevumilia? Mwanamke mzima, magoti yanalia kila nikipanda ngazi, nalazwa kifudifudi juu ya ubao wa sponji na kuamriwa niruke nisimame. Mchangani! Maji yako palepale, tunayatazama, nasi tunajifunza kupanda mawimbi ya vumbi. Kando yangu mabwana wawili wa ofisini walikuwa wakiruka na kuanguka kama vyura, kisha wanapongezana. Kwa lipi, sijui.

Aliyenileta ni binti yangu. Tangu akiwa mdogo nimemwambia kwamba sisi watoto wa kambi ya polisi tulikuwa tukipanda mawimbi ya ziwa hili tumesimama wima, na tangu akiwa mdogo amenijibu, "Sawa, Mama," kwa ile sauti ya kumtuliza mlevi. Safari hii alikuja na simu mkononi. "Leo nataka kuona kwa macho yangu," akasema. Nikajua kwamba nikianguka, jaja yangu, bibi aliyenilea, naye ataanguka, pamoja na ubao wake na kila nilichowahi kusimulia.

Ufuko huu naujua tangu haujajengewa ukuta. Siku hizi mlangoni unafungwa bangili ya karatasi kama mgonjwa, na pale tulipoanika mukene, wale dagaa wadogo waliotunukia hadi kwenye nywele, panauzwa chipsi baridi. Wimbi lenyewe sasa! Wana boti ya injini inayozunguka ghubani kutwa nzima ili wateja wapate wimbi. Wimbi la kuagizwa kama soda. Banange, tumefika huku?

"Nyabo, mama, usiogope," mwalimu aliniambia, kijana wa miwani ya jua na jino moja la kung'aa. "Hii wimbi ni ya watu wanaanza. Haina nguvu."

Ebo! Mimi niogope kiwimbi hicho?

Wimbi letu lilikuja na meli ya mizigo. Honi ingelia mbali, meli ingepita ikielekea gatini, maji yangetulia kama hakuna kilichotokea, na ndipo lingekuja, refu, pole, likijikunja taratibu juu ya mchanga wa kina kifupi. Hata mtoto wa juzi angeweza kulipanda. Tatizo halikuwa wimbi. Tatizo lilikuwa ubao, na ubao ulikuwa wa jaja.

Jaja, mama yake baba, aliletwa kutoka kaskazini kuja kutulea, akaishia kuwapigia pasi polisi wa kambi nzima. Ubao wake ulikuwa wa mvule, mrefu kuliko afande yeyote, umelazwa juu ya mapipa mawili na kufungwa blanketi la kijivu. Pale uani palinuka makaa, wanga wa muhogo na kabalagala, vile vichapati vya ndizi, alizotukaangia asubuhi. Na alidharau kila kitu, yule bibi kizee. Polisi aliwadharau: "Mwanaume wa kambi ni gunia tu, pasi ndiyo inampa mabega." Ziwa alilidharau: maji gani hayo, hayana chumvi wala adabu. Dharau hii unayoisikia kwangu sikuiokota barabarani.

Honi ikilia, sisi wasichana tulijipanga mbele yake kimya, kwa sababu ukimwomba jaja kitu kwa mdomo, umekikosa. Angemaliza mkono wa shati polepole, makusudi, halafu angefungua blanketi. "Enda. Makaa ikishika, nataka ubao yangu." Kisha angejaza makaa mapya ndani ya pasi na kuanza kuibembeza huku na huku ili yashike moto. Muda wetu ziwani ulikuwa ni huo tu.

Wenzangu wote walisimama. Mimi nililala juu ya ubao kifudifudi hadi ufukoni, kila mara, nimefunga macho. Wakaniita Gunia. Nililia usiku mmoja hadi jaja akasikia, akanifunika shuka.

Basi siku moja jirani yetu, sajini mwenye kifua mbele, alikuwa na gwaride la wakubwa. Alisimama uani na fulana na kofia, akingoja shati lake, nalo liko juu ya ubao, kola tu imebaki. Honi ikalia. Jaja akanitazama. Akalitoa shati, akafungua blanketi.

"Mama, shati yangu!" sajini akapiga kelele. "Wakubwa wanangoja!"

"Afande, bila shati wewe ni nani? Ngoja kama watu wengine."

Alitufuata hadi majini na fulana yake, akifoka kwamba mtoto wa kike hasimami juu ya ubao. Jaja naye alikuja, pasi mkononi, anaibembeza, cheche zinadondoka mchangani. Wimbi likaninyanyua. Nikalala, kama kawaida yangu. Ndipo nikamsikia: "We! Unalalia ubao yangu kama godoro?"

Nilisimama kwa hasira, rafiki yangu. Hasira tupu. Nikafungua macho, nikaona nchi kavu inanijia nami naitazama kutoka juu, mpaka ubao ukakwaruza mchanga. Nikamtazama jaja, nikingoja anisifu. "Haya, leta ubao yangu," akasema, akimwelekezea sajini pasi. "Nguo ya huyu gunia inangoja."

Sasa huyu mwalimu wa sponji. Mara ya kwanza nilianguka, maji yakanijaa puani. "Vizuri sana, nyabo, umejaribu!" Vizuri nini? Binti yangu alishusha simu, uso wake umejaa huruma, na huruma hiyo ikaniuma kuliko maji. Boti ikapita tena. Nikalala juu ya ubao, wimbi likaninyanyua, na hakuna aliyenitukana. Ikabidi nijitukane mwenyewe, kwa sauti: "We! Unalalia ubao yangu kama godoro?"

Nikasimama. Nilikuja nimesimama hadi mchangani. Binti yangu alikuwa anapiga mayowe, "Mama! Kumbe kweli! Mama!" na simu inaning'inia mkononi, amesahau kupiga picha.

Nami nimesimama, maji kwenye vifundo vya miguu, ubao kifuani, natazama ufukoni. Meli haiji tena, kambi imevunjwa, jaja tulimrudisha kaskazini tukamzika kwao. Yote hayo nayajua. Bado nilisimama pale nikisikiliza kama kuna atakayeudai ubao wake.

Mwalimu alidhani nangoja aje kuupokea ubao.

"Kaa nayo tu, nyabo," akaniambia. "Hakuna mtu anaingoja."