Upara kwenye Kisiwa cha Kobe

Kwa miaka thelathini na moja Kuwabara Mitsue alifanya kazi akiwa amepiga magoti. Alikuwa mpalizi katika bustani ya hekalu la Mikusa, kaskazini mwa Kyoto, na alichokitunza hakikuwa mpunga wala mboga. Alitunza kuvumwani, yale majani mafupi kama manyoya yanayotambaa juu ya mawe na kuzunguka mashina ya miti mpaka ardhi yote ikawa kijani. Kazi yake ilikuwa kung'oa kila kisichokuwa kuvumwani: nyasi, miche ya mierezi iliyojiotea, magugu bapa yanayopenda majimaji. Aling'oa kimoja kimoja, kwa vidole na kijiti cha mwanzi, kisha akashindilia pale kwa kidole gumba ili udongo usibaki wazi. Wageni walipita juu ya mawe ya kukanyagia wakiwa wameinamisha vichwa wasijikwae, wakafika kwenye jiwe lile pana, wakainua macho, wakaliona bwawa na mlima uliosimama nyuma ya uzio wa miti kana kwamba nao ni mali ya hekalu. Hapo walishusha pumzi. Wapalizi hakuna aliyewatazama.

Ilisimuliwa pale hekaluni kwamba watawa wa kale walioitengeneza bustani ile hawakupanda kuvumwani hata kiganja kimoja. Walimwaga mchanga mweupe, wakachimba bwawa, wakainua visiwa viwili, cha Korongo na cha Kobe, kwa kuwa viumbe hao huishi maisha marefu. Kisha ikaja vita, hekalu likaungua, watawa wakatawanyika. Mto ukafurika, tope likaufunika mchanga, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kufagia, kijani kikajijia chenyewe. Waliporudi watawa wengine, miaka mingi baadaye, walikuta bustani mpya imelala juu ya ile ya kwanza, wakaona haya kuiamsha. Mgongoni mwa Kisiwa cha Kobe ndipo kuvumwani ilipoanzia, walisema, na ndipo ilipokuwa nene kuliko kwingine kote. Ukibonyeza, vidole vilizama vyote.

Mitsue alipofikisha miaka hamsini na tisa, doa lilimwingia machoni. Halikuwa pembeni, lilikuwa katikati kabisa. Mlima aliuona, uzio aliuona, lakini kila alichokikazia macho kiliyeyuka. Daktari alimulika, akainama, akamulika tena.

"Kitovu cha jicho kimechakaa, mama. Hutakuwa kipofu wa kushikwa mkono. Lakini kusoma, kushona, sahau."

"Na kupalilia?"

"Kupalilia shamba?"

Mitsue alirudi nyumbani, chumba kimoja na jiko nyuma ya duka la maharage ya kusaga, alikobaki peke yake tangu mumewe afariki. Akalimeza jambo lile kama mtu anavyomeza mfupa wa samaki mbele za wageni. Nje ya kazi ile hakuwa na jina. Pale mtaani watu walimwita "mama wa kuvumwani".

Miaka miwili akapalilia kwa vidole. Nyasi inateleza, mche wa mwerezi unachoma kidogo, gugu bapa ni baridi kama sikio la mbwa. Alijiona amewaweza wenye macho. Mwenzake wa miaka yote, Iwane Tazuko, mwanamke mnene mwenye mdomo usiotulia, alikuwa akipalilia safu ya nyuma yake, na kutwa nzima walitaniana.

"Dada Mitsue, unatambaa kama konokono. Nitakupita, nikusubiri kwenye taa ya mawe nikiwa nimeshakunywa chai."

"Pita basi. Konokono hafiki akiwa anahema kama wewe."

Mwaka wa tatu, masika yalikuja makavu. Wiki tatu mvua haikunyesha. Kuvumwani ikikosa maji hujikunja. Kila jani hukumbatia shina lake, na pale palipokuwa laini kama manyoya pakawa pakavu kama uzi wa katani. Asubuhi moja msimamizi wa bustani, Fundi Negishi, alimpangia Tazuko Kisiwa cha Kobe. Kufika huko kulihitaji kuvuka ubao mwembamba, na goti la Tazuko lilikuwa limevimba.

"Nenda wewe," Tazuko alimwambia Mitsue. "Mimi nitafanya kwako, chini ya mierezi. Negishi ana haja gani ya kujua?"

Mitsue akavuka kwa kuusikiliza ubao kwa nyayo. Mgongoni mwa kobe vidole vyake vikakuta kitu kikavu, kigumu, kilichosimama wima, na vikamwambia: nyasi. Tena nyasi zilizosongamana, aibu ya mpalizi yeyote. Aling'oa mpaka adhuhuri. Alijaza vikapu viwili, akavimwaga kwenye shimo la takataka nyuma ya ghala, akala mipira yake ya wali na tango la chumvi, akaridhika na nafsi yake.

Kesho yake, kabla malango hayajafunguliwa, Fundi Negishi aliwaita wapalizi wote kwenye ukingo wa bwawa. Alikuwa mtu mkavu, asiyepaza sauti.

"Tazameni," alisema.

Mitsue alitazama, akaona maji, akaona ukingo wa kisiwa, na katikati lile doa lake la kila siku.

"Upara wenye ukubwa wa mikeka miwili," Negishi akasema. "Kuvumwani ya kale kuliko paa la hekalu hili. Iwane, jana kisiwa kilikuwa chako."

Mitsue alisimama ubavuni mwa Tazuko, akasikia pumzi zake za mdomoni. Alihisi pia, bila kuona, kwamba uso wa mwenzake umemgeukia yeye, na unangoja.

"Huna la kusema?"

"Sina, Fundi."

"Basi vua kitambaa cha kazi, uende nyumbani. Nisikuone tena humu."

Nyayo za Tazuko zilikwenda zikichechemea juu ya kokoto mpaka langoni. Mitsue akapiga magoti, akaanza kupalilia. Akawa anaipapasa ardhi tu, haondoi kitu. Siku ile ikapita, na ya pili, na ya tatu. Kila asubuhi alijiambia leo nitasema, na kila jioni alikunja aproni akiwa hajasema. Alijitetea moyoni: Tazuko ana mume, ana watoto wa kike wawili walioolewa vizuri, mimi nina nini? Kisha akajichukia kwa hesabu hiyo.

Siku ya nne alikwenda kwa Tazuko. Alimkuta kibarazani, goti limefungwa kitambaa chenye dawa, anamenya figili.

"Umechelewa," Tazuko alisema bila kuinuka. "Nilidhani utakuja siku ile ile."

"Kwa nini hukusema ni mimi?"

"Kusema ni kwako, si kwangu."

Mitsue akaketi chini. Kisu kikaendelea kumenya.

"Macho yangu, dada..."

"Najua macho yako. Nayajua tangu mwaka juzi. Unafikiri nilikuwa napalilia nyuma yako kwa sababu nakupenda mgongo? Kila ulipong'oa kuvumwani nilirudisha. Kila nyasi uliyoiruka niliitoa. Jioni nakwenda nyumbani na safu mbili mgongoni, yangu na yako."

Maneno yale yalimwingia Mitsue vibaya kuliko ya daktari. Vidole vyake, fahari yake yote, vilikuwa uongo wa mtu mwingine mwenye huruma. Aliona hasira ikimpanda, na hakujua aielekeze wapi.

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungeacha kazi. Ungeacha kazi, ungekufa mwaka huo huo. Nakujua." Tazuko akaweka kisu chini. "Lakini na mimi nilikosea. Nilikufichia mpaka ukajisahau. Na kisiwani sikuwa nyuma yako."

Asubuhi Mitsue alimfuata Negishi ghalani, akamweleza yote akiwa amesimama wima: kubadilishana, macho, vikapu viwili. Negishi akachukua kipande cha kuvumwani na kipande cha nyasi, akaviweka mezani.

"Nionyeshe nyasi."

"Kwa kugusa naweza. Kwa macho siwezi, Fundi."

"Miaka miwili umekuwa ukipapasa bustani yangu."

"Ndiyo."

"Na mimi sikuona," alisema Negishi, na sauti yake ikawa kama ya mtu aliyejikuta amevaa kiatu kimoja kisicho chake. Akafunga mlango wa ghala. "Huwezi kubaki. Unalijua hilo. Mwambie Iwane arudi."

Tazuko hakurudi. Alisema mtu aliyemfukuza bila kumuuliza swali la pili hana haja ya mikono yake. Bustani ikapoteza wapalizi wawili kwa juma moja, na Negishi akalazimika kuajiri wageni wasiojua kutofautisha chochote.

Mitsue hakufa mwaka ule. Alikaa nyumbani, akajifunza kupika kwa harufu, akagombana na Tazuko aliyekuja kila Alhamisi na kumsahihisha kila kitu. Urafiki wao ulikuwa na ufa, na wote wawili waliuzunguka kwa tahadhari. Kuna siku walikaa saa nzima bila utani hata mmoja.

Vuli ilipofika, hekalu liliwafungulia watu wa mtaani bustani bure. Walikwenda, Tazuko akichechemea mbele, Mitsue akimfuata ameushika mkoba wa mwenzake. Kwenye jiwe pana walisimama. Mitsue aliuona mlima, mwekundu pembezoni kwa majani yaliyobadilika rangi.

"Kisiwa kikoje?" aliuliza. "Kimeanza kuota?"

Tazuko alisogea hadi ukingoni mwa jiwe, akatazama.

"Hakijaota," akasema. "Udongo mtupu, na mahali pamoja mvua imechimba. Wanasema itachukua miaka kumi na tano."

Mitsue aliitikia kwa kichwa polepole. Ilimuuma, lakini ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mitatu kuambiwa kilichopo.

"Twende," akasema. "Watu wanangoja zamu yao kwenye jiwe."